Termostati Niliyoitoa kwenye Gari la Deo

Siku yangu ya kwanza kazini shefu, yaani mkuu wa gereji, hakunipa spana. Alinipa kitambaa cheupe. "Kwanza ujue kusoma mafuta," akasema, akadondosha tone la mafuta ya giaboksi juu yake. Yakiwa mekundu ni mazima, yakiwa ya kahawia yamechoka, yakiwa meusi na kunuka kuungua, jiandae kufungua chuma chote. Hiyo ilikuwa Buyenzi, hapa Bujumbura, miaka mingi kabla ya vita, na nilikuwa kijana wa kujiona sana.

Vita vilipoanza nilipata kazi katika shirika moja la misaada, gereji yake karibu na bandari. Magari yake yalitoka Ulaya, mengi ya otomatiki, yaani yanayobadili gia yenyewe kwa nguvu ya mafuta. Mafuta hayo yakipata moto kupita kiasi yanaungua. Yakiwa baridi yanakuwa mazito, pampu inayavuta kwa shida, na gari linachelewa kushika gia. Ndiyo maana watengenezaji waliweka termostati kwenye bomba la kupoozea: kilango kidogo kinachozuia mafuta yasiende kupoa kabla hayajapata joto.

Mimi nilikicheka kilango hicho. Joto la Bujumbura kila mtu analijua, na gari likipanda mlima na mzigo giaboksi inachemka. Nikakitoa kwenye gari moja la kupeleka dawa, nikaunga bomba moja kwa moja, nikatia na mafuta mazito kuliko yaliyoandikwa kitabuni. Shefu wa gereji hii mpya, mtu mpole wa Gihosha, aliniuliza kama nina hakika. "Shefu, hapa hatuna theluji," nikamjibu, na mafundi wenzangu wakacheka. Sisi watu wa ziwani tulizungumza kana kwamba nchi nzima inaishia Buyenzi. Sikuandika popote nilichofanya.

Dereva wa gari lile aliitwa Deo, mkazi wa Ngagara, mwangalifu kupita wote. Kila juma alipeleka dawa milima ya Mugamba, kwenye baridi kali, akalala huko, akarudi asubuhi na msafara uliolindwa na askari, maana siku hizo hakuna aliyethubutu kupita njia ile peke yake. Safari ya pili aliporudi alinifuata.

"Mzee Saidi, kule juu asubui gari inakataa. Natia gia, moteri inalia, gari inabaki pale pale."

"We Deo, unaogopa barabara, unasingizia bwati," nikamwambia. Bwati ndiyo giaboksi kwa lugha yetu ya gereji. "Acha moteri izunguke dakika kumi, mafuta yapate moto, ndiyo uende."

"Konvoi haingoje dakika kumi, mzee. Askari akipiga filimbi, ni kwenda."

"Basi amka mapema."

Niliona nimemjibu vizuri. Leo nikikumbuka natamani ardhi inimeze.

Juma lililofuata kulikuwa na ukungu kule juu. Filimbi ikapigwa, magari yakaondoka, la Deo likabaki likinguruma. Akakanyaga zaidi, sahani za ndani ya giaboksi zikateleza hadi zikaungua. Yeye na muuguzi aliyekuwa naye walijilaza mtaroni mpaka adhuhuri, wakisikia risasi nyuma ya kilima, hadi lori la askari likawachukua.

Gari lilivutwa mpaka kwetu. Nilijaribu mafuta kwenye kitambaa, yakatoka meusi. Direkta wa shirika akatuita ofisini mbele ya wafanyakazi wote, Deo bado ana matope magotini.

"Fundi, kosa ni la nani?"

Nilikuwa na watoto watano, na gereji za mjini zilikuwa zinafungwa moja moja. Nikasema, "La dereva. Alikanyaga gari likiwa baridi." Haukuwa uongo mtupu, ndiyo maana ulinitoka kirahisi. Deo aliniangalia tu. Alifukuzwa siku hiyo hiyo, huku termostati iko kwenye droo yangu.

Nilipostaafu, vita vimekwisha, nilikwenda Ngagara kumtafuta. Nilimkuta anauza mkaa mlangoni kwake, kwa sababu hakuna shirika lililompa tena usukani. Nikamweleza yote, macho chini.

"Nilijua, mzee," akasema. "Kule mu ukungu nilifungua kapo ya gari, nikaona bomba imeungwa. Mu biro ya direkta nilinyamaza, nangoja useme we mwenyewe."

"Nisamehe, Deo."

"Mi nilishakusamehe. Lakini unaniambia mi, mutu mwenye anajua. Wale walisikia ni kosa yangu, nani atawaambia?"

Shirika lilishafunga, direkta alirudi kwao, shefu wa gereji amefariki. Vijana wananiita mwalimu, wananiuliza siri za otomatiki, nami nawaeleza habari za joto na baridi huku uso unaniwaka. Basi naandika hapa, kwa yeyote aliyekuwa mle ofisini, au aliyesimuliwa na waliokuwamo: gari lile niliharibu mimi. Deo alikuwa dereva mzuri.