Siku Niliposoma Karatasi Yangu kwa Sauti

Mdogo wangu alipofariki, mimi ndiye niliyeandika procès-verbal ya jamaa, ile karatasi ya kuambia tribinale nani atasimamia mali ya marehemu. Kwetu nilikuwa peke yangu niliyemaliza sekondari, kwa wamisionari wa Lubero, na Kifaransa changu kilisifiwa hata kanisani. Niliiandika nyumbani kwangu Butembo, nikinywa chai. Niliandika kwamba mjane wake anaacha nyumba yao iliyoko Mavivi kwa mapenzi yake mwenyewe.

Hakuna mtu aliyenishawishi. Nyumba ile ya matofali ya kuchoma nilisaidia kuijenga, udongo wake niliukanyaga kwa miguu yangu, na nilijiambia haiwezi kuingia mikononi mwa mume mwingine siku shemeji yangu akiolewa tena. Yeye hakuwa hata na wazo la kuolewa.

Nilimkuta shemeji kule Mavivi, bado yuko kwenye mkeka wa matanga. Hakusoma shule.

— Shemeji, hii karatasi ni ya nini?

— Ni ya matanga tu. Weka kidole hapa.

Akaweka.

Miezi ikapita. Wapimaji wa viwanja tuliowatuma walipofika kwake na kamba zao, ndipo alipojua karatasi ilisema nini. Alikwenda mwenyewe kushitaki kwenye tribinale ya Beni. Niliposikia nilicheka. Kesi nilizozijua ziliishia ndani ya bureau ya jaji: maavoka, yaani mawakili, wanaongea Kifaransa, makaratasi yanapita mkono kwa mkono, na sisi tuko nje uani tunangoja mtu atoke kutuambia nani ameshinda. Kwa nini ameshinda, hakuna aliyesema. Avoka wetu alinituliza: “Papa, karatasi yako itajisemea yenyewe.”

Siku ya kesi tulikuta milango ya chumba imefunguliwa wazi, na watu wamejaa mabenchi mpaka madirishani, wengi wao wamekuja kwa kesi nyingine. Jaji alikuwa mama, mgeni kwetu. Avoka wetu akasimama, akaanza Kifaransa chake. Mama jaji akamkatiza.

— Maître, subiri kwanza. Nani aliandika hii karatasi?

— Ni miye, nikajibu.

— Donc, papa, ni weye utaisoma. Mais mu Swahili, bantu bote basikie.

Nikavaa miwani. Tarehe na majina ya jamaa niliyasoma vizuri. Nikafika kwenye ile sentensi. Kwa Kifaransa ilikuwa sentensi nzuri, nilijivunia nilipoiandika. Sasa shemeji yangu alikuwa hatua tatu kutoka kwangu, amevaa kitenge alichonunuliwa na mdogo wangu, ananiangalia mdomoni. Nikavua miwani, nikaifuta kwa koti.

— Papa, miwani imelala? akauliza mzee mmoja kwenye benchi la nyuma. Watu wakacheka.

Nikasoma: “Huyu mama amekubali kutoka mu nyumba, hakuna mutu alimulazimisha.”

Shemeji akasimama. Hakupaza sauti.

— Nilikubali siku gani? Na kinywa gani? Uliniambia ni ya matanga.

Mama jaji akanigeukia.

— Papa, alikubali ao hapana kukubali?

Avoka akanivuta koti. Alama ya kidole chake ilikuwa pale kwenye karatasi, ningeweza kujificha nyuma yake. Lakini chumba kizima kilikuwa kimeshasikia, na mimi pia nilikuwa nimejisikia kwa masikio yangu.

— Hapana kukubali, nikasema. Nilimudanganya.

Nilikaa kama mtu aliyetua gunia la viazi juu ya mlima. Mama jaji alinikaripia mbele ya wote, akanikumbusha kwamba karatasi kama ile inaweza kumfunga mtu gerezani. Nilistahili. Kisha karani akaandika maneno yangu, akanisomea, nikatia sahihi.

Hukumu nayo ilisomwa kwa Kiswahili, milango wazi: nyumba inabaki ya mjane na watoto wake, na sababu zikaelezwa moja moja. Mpaka leo ninaogopa nikikumbuka kwamba kama milango ingefungwa, ningeshinda.

Baada ya wiki chache shemeji akaniita kwake Mavivi. Nilikwenda nikijua nitatukanwa. Akanipa nakala ya hukumu.

— Ulinisomea ya uongo. Sasa utanisomea ya kweli.

Nikasoma yote. Akaniambia nirudie, nikarudia. Kisha akamwita jirani yake, mwalimu wa shule.

— Mwalimu, na weye soma. Tuone kama munasoma sawasawa.

Mwalimu akasoma polepole. Niliketi pale nikisikiliza kama mwanafunzi anayengoja alama zake. Kila neno lilikuwa lile lile.

Shemeji akakunja karatasi, akaiweka ndani ya Biblia yake, akasogeza sahani ya viazi mbele yangu.

— Ni sawa, akasema. Kula basi, shemeji, viazi vinapoa.