Upanga wa Mjerumani na wa Mwitaliano ulivyokosanisha ndugu wawili huku Saudia

Wakuu, salamu kutoka Jeddah. Haya niliyaona kwa macho yangu. Atakayesema ni chai, basi na anywe.

Mimi ni driver wa familia moja hapa Al-Hamra. Bosi wangu anapenda panga za Wazungu wa kale. Si maonyesho, ni kupigana kabisa, na helmet na majaketi mazito. Yeye ni wa mtindo wa Kijerumani: upanga mrefu, mikono miwili, kukata kwa nguvu.

Mdogo wake yuko Riyadh. Huyo ni mtu wa Kiitaliano: upanga mwembamba, mkono mmoja, kuchoma tu.

Walianzisha klabu pamoja, wakabishana wafundishe mtindo gani. Bosi akamwambia mwenzake anacheza na sindano. Mdogo wake akamjibu kwamba yeye anapasua kuni. Salamu zikakatika hapo, kila mmoja akafungua klabu yake, hata Idi kila mtu kivyake.

Jameni! Waarabu wawili kukosana juu ya Wajerumani na Waitaliano waliokufa kitambo! Nilikuwa nacheka, mpaka siku nilipompeleka mama yao hospitali akiwa mgonjwa sana. Akaniambia, "Daudi, nataka niwaone wakiingia mlango mmoja kabla sijaenda."

Kicheko kikaniishia.

Baadaye klabu zao zikakutana Riyadh, nikampeleka bosi. Fainali ikawa ni wao wawili, kila mtu na upanga wake. Wakalingana, ikabaki pointi moja.

Sasa, wako na desturi. Ukiguswa unainua mkono mwenyewe, hata kama refa hajaona.

Wakavamiana. Refa akampa bosi ushindi, watu wake wakashangilia.

Bosi akainua mkono. "Amenigusa kwanza," akasema, akionyesha ubavu.

Wallahi! Mdogo wake akavua helmet, akamkumbatia, akalia wazi wazi. Mimi pia nililia, sioni haya kusema.

Bosi akamwambia, "Yalla, mama anangoja."

Njia yote mpaka Jeddah walikaa nyuma pamoja. Hospitali tulimkuta mama yuko macho. Walipoingia akauliza kwa shida, "Nani ameshinda?"

Kila mmoja akamnyooshea mwenzake kidole.

Mama akatabasamu, akawashika mikono. Wiki hiyo hiyo tulimzika, na jeneza walilibeba bega kwa bega.

Nimejifunza kwamba kuna mzazi anaumia wakati nyinyi mnatafuta mshindi. Kama wewe na ndugu yako hamsemezani, mpigie leo.

Wewe ungeinua mkono? Semeni ukweli, nasoma zote nikiwa hapa getini.