Kenge wa Kisima cha Mama Mkwe

Nusu ya Masasi imeshaiona ile video, na nusu nyingine imesimuliwa vibaya, kwa hiyo bora niseme mwenyewe leo nikiwa na suruali yangu mwilini: ndiyo, yule mwanaume aliyekwama kwenye mdomo wa kisima kule Mnyambe huku wanawake wamekaa chini kwa kucheka ni mimi, Fundi Saidi wa Mkomaindo, baba Zuhura, na mpaka sasa nikilikumbuka jambo lile nikiwa peke yangu huwa nakohoa kama kuna mtu ananitazama.

Lakini kwanza mnijue, maana mtu akikwama lazima ijulikane ni mtu wa kiwango gani aliyekwama. Shule niliiacha darasa la tano, nikaanza kufyatua matofali ya udongo, nikawa kibarua wa kubeba zege, nikawa fundi, na leo nina duka la vifaa vya ujenzi, pikapu inayowaka bila kusukumwa, na nyumba yenye vigae hadi jikoni (najua hamkuuliza). Nyumba ngapi Masasi zimesimama kwa mkono wangu sitazihesabu hapa, nitaonekana najisifu.

Ila katika kazi zangu zote, ninayojivunia zaidi ni kisima cha mama mkwe wangu, Bi Somoe, kule Mnyambe. Mnaifahamu Newala ilivyo, maji kule juu ni shida tangu wazee wa wazee, mtu anaheshimiwa kwa kisima chake kuliko kwa gari lake, na mimi nilipomwoa binti yake nilisema sipeleki zawadi ya kijinga, nikachimba shimo uani, nikalijenga, nikalisakafia kwa saruji mpaka likang'aa, nikafunga mifereji kwenye bati ili mvua yote ya masika iingie humo, na ukoo mzima ukanywa kiangazi chote. Mdomo wake niliufanya mdogo kusudi, mbuzi asitumbukie wala mtoto, na kuupima niliupima kwa mwili wangu mwenyewe: niliingia, nikatoka, nikasema safi. (Wakati huo nilikuwa kijana ninayekula mara moja kwa siku. Hilo mlikumbuke.)

Jambo la pili mlijue ni heshima iliyopo kati yangu na Bi Somoe. Miaka yote hiyo hajawahi kunitazama usoni, wala mimi sijawahi kuthubutu. Nikifika nachuchumaa mbali, nasema shikamoo mama, naye anaitikia marahaba huku akitazama mihogo yake, na akiwa na neno na mimi anampa mke wangu anipelekee, hata kama nimesimama pale pale nalisikia. "Mama Zuhura, mwambie mwenzio mfereji unavuja." Mke wangu anageuka, "Baba Zuhura, mama anasema mfereji unavuja." Ndivyo tulivyoishi, na tulipendana sana.

Basi mwaka huu kijana wangu alikuwa jandoni kule kwa bibi yake, na kesho yake wali, yaani vijana waliotahiriwa, walikuwa wanatoka. Sisi tukaondoka Masasi asubuhi, pikapu imejaa mchele, mafuta na mbuzi wawili, mimi nimevaa kanzu mpya, nikijua nitaingia pale kama mkuu wa mkoa. Nafika uani nakuta wanawake wa kijiji kizima wamekaa na masufuria matupu, hakuna moto, hakuna anayepepeta, na shemeji yangu Mchopa, mdogo wake mke wangu, amesimama kando ya kisima na mkuki.

"Shemeji," akaniambia, "zawadi yako imepata mpangaji."

Nikachungulia. Kenge. Tena siyo kenge wa kusema mtoto wa kenge, ni mzee mwenye familia, mrefu kama mkono na nusu ukiacha mkia, amejilaza kwenye kidaraja cha saruji nilichokiacha pembeni, nusu yake majini, ananitazama na ulimi unaingia na kutoka. Mfuniko ulisahauliwa wazi usiku, akafuata maji kama anavyofuata kila mwenye kiu Newala.

Mchopa alitaka kumchoma mkuki pale pale. Bi Somoe, aliyekuwa amekaa barazani ametupa mgongo kwa sababu mimi nimefika, akasema bila kugeuka, "Mchopa, ukimwaga damu ya mnyama kwenye maji yangu, mpaka mvua ije utanichotea wapi? Kesho wali wataoga nini, wageni watakula nini? Atoke mzima. Na maji yangu yabaki mazima."

Hapo hakuna aliyecheka. Maji ya kununua yanaletwa kwa pikipiki, dumu moja moja, na hayo yangetosha uji, siyo shughuli ya wali. Kenge akifia humo au akichomwa humo, kisima ni cha kumwaga, shughuli imekufa, na mama mkwe anamalizia kiangazi kwa kuomba kwa majirani, yeye ambaye majirani ndio huja kumwomba.

Mchopa akapiga simu kwa bwana wanyamapori wa Newala, akaweka sauti kubwa tusikie wote. Yule bwana akasema pikipiki yake iko mbali, atafika kesho, lakini tusimuue wala tusimrushie mawe. "Teremsheni ngazi au mti wenye magome," akasema, "mdomo uacheni wazi, mwanga uingie, kisha ondokeni wote hapo, nyamazeni. Huyo anatamani kutoka kuliko mnavyotamani ninyi. Atapanda mwenyewe."

Jamani, mimi nilivunjika moyo. Hiyo ndiyo kazi? Mtu anavaa sare, anakuambia weka ngazi ukakae? Na wanawake wote wale wananitazama, na kanzu mpya ninayo, na kisima nimekijenga mimi. Ngazi tukaiteremsha, sawa, ni ngazi ya mianzi ya kuangulia maembe, ikakita chini vizuri, na hapo tungeenda kunywa chai. Badala yake nikafungua mdomo.

"Mama Zuhura," nikasema kwa sauti ya kufika barazani, "mwambie mama awashe moto. Kabla maji ya chai hayajachemka, kenge huyu atakuwa kwenye gunia, mzima, hana hata mkwaruzo. Mimi nimeshatoa popo darini, nimetoa nyoka stoo, nimetoa fungo chini ya mabati, na hakuna aliyekufa. Mnyama anatolewa kwa ufundi, hatolewi kwa kungojewa."

"Shemeji," Mchopa akasema, "huo mdomo unauona?"

"Nimeupima mwenyewe."

"Ulipima lini?"

Nikaingia ndani, nikavua kanzu na suruali, nikajifunga msuli, nikafungwa kamba kwapani, wanaume wanne wakaishika, nikachukua gunia begani, na (hili ndilo ninalolijutia kuliko yote) nikampa mpwa wa mke wangu simu yangu mwenyewe nikamwambia, chukua video, chukua vizuri, na mama mkwe aonekane kwa nyuma.

Miguu iliingia. Mapaja yakaingia. Nyonga zikaingia kwa kubishana kidogo. Nikatabasamu kwenye simu, nikajiachia, na tumbo likafika kwenye mdomo wa kisima likakaa pale kama kizibo kwenye chupa ya mafuta ya taa. Nikajisukuma chini, sishuki. Nikajivuta juu, sipandi. Mguu mmoja unapapasa ngazi, mwingine unaelea hewani, na mimi juu nimebaki kifua na kichwa uani kama sanamu ya kuchonga iliyowekwa sokoni.

"Inaendeleaje, shemeji?" Mchopa akauliza.

"Napumzika kidogo."

Sasa fikirini. Kisima hakina tundu jingine, mwanga wote ulikuwa unaingia pale nilipokwama, na mimi nilipouziba kukawa giza totoro humo ndani, na kenge ambaye (nimekuja kujua baadaye kwenye video, ukisikiliza vizuri unasikia kucha zake) alikuwa ameshaanza kupanda ngazi kwa amani zake, akatafuta njia ya kutokea, na njia ikawa mimi. Nikasikia kitu cha baridi kwenye unyayo. Kikapanda kifundoni. Kisha kucha, moja baada ya nyingine, zikashika msuli wangu kwa uaminifu kama mtoto anayebebwa mgongoni.

Nilipiga yowe ambalo siwezi kuliandika hapa.

Bi Somoe, bado mgongo ametupa, akasema, "Mama Zuhura, muulize mwenzio kenge yuko wapi."

Mke wangu akainama, machozi ya kicheko yanamtoka, "Baba Zuhura, mama anauliza kenge yuko..."

"Yuko kwenye paja langu, mama!" Nikamjibu mama mkwe moja kwa moja, mdomo kwa sikio, kwa mara ya kwanza, ukiacha shikamoo, tangu nimwoe binti yake. Wanawake wakaanguka kwa kicheko, mmoja kweli alikaa ndani ya sufuria.

Wanaume wakavuta kamba, kamba ikaniingia kwapani, tumbo halisogei. Mmoja akasema leteni mafuta ya kula tumpake. Mwingine akasema sabuni. Mimi nikasema leteni, leteni vyote.

"Hapana," akasema Bi Somoe. "Mafuta yatatiririka kwenye maji yangu, sabuni vilevile. Akae humo."

Nikaanza kueleza. Nikaeleza kwamba saruji ya zamani huvimba, kwamba kamba imefungwa vibaya, kwamba ningeshuka upande wa kushoto nisingekwama, kwamba kenge huyu siyo wa kawaida, na kila nikieleza nawaona wanavuta na wala sitoki, nazidi kujaa pale kama unga wa mandazi.

Bi Somoe akapandisha sauti kidogo tu. "Mama Zuhura. Mwambie mwenzio anyamaze. Amejaa maneno, ndiyo maana hatoki. Aitoe pumzi yote, afunge mdomo, ndipo mvute."

Hakukuwa na haja ya kuletewa ujumbe. Nikafunga mdomo. Mimi, Fundi Saidi, nikanyamaza mbele za watu, nikatoa pumzi mpaka mbavu zikagusana, tumbo likarudi ndani, wanaume wakasema haya, wakavuta, nami nikatoka kwa mlio ambao kwenye video wameurudia mara tatu, nikaruka juu, nikaanguka chali kwenye vumbi. Msuli haukutoka na mimi.

Msuli ulitoka baadaye kidogo. Ulitoka na mwenyewe mpya. Kenge alichomoza kichwa, akatazama mkutano, akapanda ukingo, na huo mbio, msuli wangu umenasa kwenye kucha unaburuzwa nyuma yake kama mkia wa pili, akapita katikati ya masufuria, akapita chini ya pikapu, wanawake wanapanda juu ya vinu, akaishilia kwenye mikorosho, na mpaka leo Mnyambe wanasema yupo, ana nguo yake, anasubiri shughuli nyingine.

Na mimi niko chali. Nilikuwa na bukta ya ndani, nawaapia, bukta ilikuwepo, ila ilikuwa ile ambayo mke wangu amekuwa akinisihi niitupe, na wote wakaona sababu zake. Siwezi kusimama, siwezi kulala. Ndipo Bi Somoe, bila kugeuza shingo hata kidogo, akavua kanga yake ya juu, akaitupa nyuma kupitia bega, ikaruka ikaja kunitua usoni.

Nikajifunga kanga ya mama mkwe wangu. Andikeni hivyo hivyo.

Mchopa akachota ndoo. Bi Somoe akapelekewa kata, akanusa, akaonja, akakaa nayo mdomoni muda kama hakimu, mimi nimechuchumaa nyuma ya pikapu nasubiri kama nahukumiwa, kisha akameza. "Mama Zuhura, mwambie maji ni mazima. Na washeni moto, watu watakula nini?"

Kesho yake shughuli ikawa, kijana wangu akaogeshwa kwa maji yale, akatoka amependeza, nikalia kama baba yeyote. Jioni ile ile wanawake walikuwa na wimbo mpya kwenye ngoma, na ulipofika mahali pa kizibo wote walikuwa wanageuka kunitazama. Bwana wanyamapori akafika na pikipiki yake, akaikuta ngazi bado imo kisimani, akauliza kenge alitokaje. Mchopa akasema, "Alipanda ngazi, ila alikutana na foleni." Yule bwana akanitazama, akatazama mdomo wa kisima, akatazama tumbo, akaanza cheko lake kwa adabu na kulimalizia nje ya ua. Mpwa alikuwa ameshaituma video, ikafika Masasi kabla yangu. Nilipofungua duka, mteja wa kwanza aliuliza kama nauza mifuniko yenye kichwa.

Wiki ile nilirudi Mnyambe na saruji yangu, nikaupanua mdomo wa kisima na kuutilia mlango wa wavu unaofungwa kwa kitasa, sikusema neno tangu nilipofika hadi nilipomaliza, watu wakadhani naumwa. Nikamkabidhi mke wangu ile kanga imefuliwa na kupigwa pasi, pamoja na doti mpya kabisa juu yake, ampelekee mama. Doti mpya ilipokelewa. Ile ya zamani ikarudi.

"Mama anasema hii ukae nayo," mke wangu akaniambia. "Anasema anakujua, utaihitaji tena."

Nimeitundika dukani Mkomaindo, kwenye msumari, juu ya mizani. Mteja akija na shida ya mnyama ndani ya nyumba, popo, fungo, kenge, chochote, namwambia ateremshe ngazi, aache mlango wazi, akanywe chai. Na nikiona mdomo wangu unataka kuongeza habari za jinsi ambavyo mimi mwenyewe ningefanya, naitazama ile kanga, natoa pumzi yote, nanyamaza.