Kurasa za Majina na Shamba la Nyantende

Kosa langu niliseme mimi mwenyewe, maana mtaa wetu wa Kadutu wote umekwisha kulisema: niliwasha mbabula, jiko letu la makaa, kwa kurasa za Biblia ya papa, baba yangu. Si zote, mimi si mupagani. Nilichagua zile ambazo niliamini hata Mungu hasomi mara mbili: majina, majina tena, kisha mpaka wa kabila fulani unashuka bondeni, unazunguka kilima, unatokea mtoni. Ilikuwa wakati wa vita. Makala ya mbabula yalikuwa yamelowa, karatasi hakuna, na mimi, mutu wa kukaa nyumbani kwa kipaji, sikutaka kwenda kuomba moto kwa jirani huku bunduki zinalia kule juu. Maharagi yakaiva. Nikajisifu.

Siku ya tatu ujumbe ukafika kutoka Nyantende, kijiji cha babu zetu. Wana wa baba mkubwa wa papa walikuwa wanasema shamba letu halina mwenyewe tangu vita ifunge barabara. Wazee wa kijiji wangekaa Jumamosi kuliamua. Papa akaomba Biblia. Akafunua, akarudia, akavaa miwani, akaivua.

“Kurasa za kugawanya inchi kwa makabila ziko wapi?”

“Papa, ilikuwa majina tu.”

“Majina tu! Majina ya nani, weye?”

Ndipo nikajua. Pembeni mwa majina yale, kwa kalamu ya bic, papa alikuwa ameandika ya kwetu: babu saba kushuka mpaka yeye; kalinzi, yaani ng'ombe ambaye babu wa kwanza alimpelekea mwami, mfalme wetu, ili apewe shamba; na limite zake, mipaka ya shamba, toka mufereji mpaka njia ya mtoni. Biblia ile ina kurasa nyeupe nzuri mwanzoni na mwishoni. Yeye akachagua zilizojaa! Nilimwambia hivyo, kwa hasira, kama vile ni yeye aliyechoma.

“Mungu aliahidi Abrahamu inchi,” akasema kwa sauti ya mtu anayefundisha ukuta. “Ahadi ni maneno. Siku waliandika kama jamaa hii inakaa toka hapa mpaka pale, njo ahadi ilipata miguu. Mwenye jina lake liko mule, hata vita imufukuze, fungu lake linamungoja. Niliandika yetu karibu na yao, juu ya kuwa Mungu ni ule ule. Na weye ukapikia maharagi.”

“Hata weye ulikula, papa.”

“Nilikula. Tena yalikosa chumvi.”

Miguu yake haikuweza tena ile milima ya kuzunguka barabara iliyofungwa, kwa hiyo niliyepaswa kwenda ni mimi. Siku mbili alinikaririsha kama mutoto wa katekisimu. Babu wa nne na wa tano walikuwa na jina moja. Nilimsihi tumtoe mmoja, nani atajua? Akakataa katakata: “Ukiruka mutu, umekata kamba.” Nilichoka mpaka kichwa kikauma. Lakini hata anayekariri kwa hasira hatimaye anasikia. Kila jina lilikuwa mtu aliyelima udongo ule, akauacha mkononi mwa anayefuata. Na mimi nilikuwa nimeita watu kama hao majina tu.

Jumamosi nikasimama kando ya shamba mbele ya wazee. Nikakwama kwa babu wa nne, nikarudi nyuma, nikafika mpaka papa. Wale ndugu wakasema kinywa kinaweza kufundishwa chochote. Karatasi iko wapi? Nikasema ukweli. Mmoja akacheka hadi akakaa chini: “Mutu wa mujini anapika inchi yake mu sufuria!”

Muzee mkubwa hakucheka. Akamwomba ushahidi mama anayelima ng'ambo ya mufereji, jirani wetu tangu kabla sijazaliwa. Mama yule akasema bila kunitazama hata kidogo:

“Majina ni hayo, na limite ni huu mufereji; shamba ni lao. Lakini huyu, miaka yote hii sijamuona hapa na jembe hata siku moja. Kama hatalima musimu huu, miye nitapanda mihogo yangu mpaka kule kwenye njia ya mtoni.”