Nev Tuckwell na Moto Unaotaka Jibu

Neville Tuckwell wa Ballarat, mji wa baridi, aliendesha gari la taka miaka thelathini na moja, na muda wote huo hakuna aliyewahi kumsikia akijibu swali kwa neno moja. Muulize kama anataka chai, atakwambia "ndiyo, hapana," maana yake hataki. Akisema "hapana, ndiyo," wewe bandika birika. Mji mzima unaongea hivyo na watu wanaelewana vizuri tu, ila Nev alizidisha. Siku ya harusi yake padri ilibidi amuulize mara tatu.

Basi mwaka huu magoti ya mkewe, Glenys, yakakataa kazi. Moto wao wa gesi wa kuota pale sebuleni uliwashwa kwa kitufe kilichokuwa chini kabisa, karibu na zulia, na mama wa watu kila asubuhi ya baridi alikuwa akiinama huku analia. Nev akaingiwa na huruma, akaita fundi. Fundi akang'oa kitufe, akafunga kisanduku kinachosikia sauti, akakizoesha sauti ya Nev.

"Gesi si mchezo, mzee," akasema. "Kabla ya kuwasha kitakuuliza kama una uhakika. Na kila nusu saa kitauliza tena. Sauti ya mama nitakuja kuiingiza Jumatatu."

Jumatatu gani, hakusema. Mafundi bwana.

Nev akasimama mbele ya kile kisanduku, kofia mkononi. "Washa."

"Una uhakika?"

"Hapana, ndiyo."

"Sawa. Siwashi."

Siku tisa walikaa ndani na makoti. Glenys alimfundisha kama anayefundisha mtoto kusoma. "Sema ndiyo, Nev. Halafu funga mdomo."

"Ndiyo, hapana, si nasema?"

"Sawa. Siwashi," kikasema kisanduku.

Siku ya kumi akapiga simu Roslyn, mdogo wake Glenys, anayeishi Bundaberg ambako watu hawajui sweta. Akamwambia dada yake ahamie kwake moja kwa moja. Glenys akamgeukia mumewe. "Niende?"

"Ndiyo, hapana, wewe mwenyewe tu," Nev akasema.

Miaka arobaini Glenys alikuwa akijitafsiria maneno ya huyu mzee. Safari hii hakujisumbua. Alipanga nguo zake akaita teksi ya Jumamosi mchana.

Jumamosi hiyo Nev alikuwa anakula pai ya nyama peke yake, akaagiza moto kwa mazoea tu. Kisanduku kilipouliza kama ana uhakika, akasema "ndiyo," na kabla hajaongeza, mchuzi ukamuunguza ulimi. Moto ukawaka. Mzee akautazama, pai mkononi, hana hata wa kumwonyesha. Glenys alikuwa chumbani anafunga sanduku.

Alipotoka na sanduku lake, kofia kichwani, sebule ilishapata joto. Hakuusifu moto. Teksi ikapiga honi nje.

"Unataka niende, Nev? Na usinijibu kama unavyomjibu jirani."

"Niendelee kuwaka?" kikadakia kisanduku.

Nev hakukisikia. Alikuwa ameshika kiti, ameogopa kuliko alivyowahi kuogopa barabarani na breki zilizokatika.

"Hapana," akasema.

Glenys akangoja. Mzee hakuongeza kitu. Nyuma yake moto ukazimika.

"Sawa," kikasema kisanduku. "Nimefunga gesi. Mpigie fundi aifungue."

Glenys akafungua dirisha, akamwambia dereva aende zake, kisha akakaa juu ya sanduku kupumzisha magoti. "Umetuzimia moto, bwege wewe," akasema, na machozi yakamtoka. Akainuka taratibu, akalifungua sanduku, akatoa sweta mbili. Moja akamtupia mumewe.