Mwalimu Ngassa na Nyota za Pembeni

Mwalimu Ngassa alifundisha fizikia hapa Bariadi miaka ile wanunuzi binafsi wa pamba walipomiminika, malori yao yakitutimulia vumbi mchana kutwa. Mimi nilifundisha Kiswahili, na nyumba zetu zilipakana. Felisita, mkewe, alipofariki, Ngassa hakulia. Alirudi darasani mkavu kama gogo.

Baada ya matanga, mama mkwe wake, Bibi Rhoda wa Kasoli, alibaki kwa ajili ya mjukuu wake Gloria. Mkwe na mama mkwe hawazungumzi ana kwa ana. Ndiyo heshima yetu. Basi bibi akawa anashinda jikoni, Ngassa sebuleni. Jioni moja nikimsaidia bibi kuchambua mlenda, tulimsikia Ngassa ng'ambo ya ukuta akimfundisha mtoto.

“Watu hudhani shimo jeusi la katikati ndilo linaloshika galaksi nzima. Hapana, ni dogo mno. Nyota za pembeni zinakimbia sana, zingeshatawanyika. Kuna maada ya giza inayozishika.”

“Umeiona, baba?”

“Hakuna aliyeiona. Tunajua ipo kwa jinsi inavyovuta.”

Akaendelea na nishati ya giza, ile inayozisukuma galaksi ziachane. Nilitamani kumzaba kibao. Mambo ya mbinguni anayamwaga kama mvua, ya marehemu mkewe hana hata neno!

Asubuhi Bibi Rhoda alisimama uani, akapaza sauti bila kumtaja mtu: “Mjukuu wangu naondoka naye.”

Kisha Ngassa akatoka akiwa ameinamisha macho, akaweka mfuko wa nguo za Gloria mlangoni, akarudi ndani. Gloria alipanda lori la pamba bila kuaga.

Bibi alinishika mkono kabla hajapanda. “Mayu, mama yangu, nilikuwa nangoja akatae tu. Angekataa ningemwachia. Lakini yule hana uchungu na mtu.”

Nilimkuta Ngassa amekaa kitandani. Nikamweleza yote, kwa hasira.

“Ulishindwa nini kusema hapana?”

Akaitazama mikono yake. “Maneno yangu kwa mkwe aliyapeleka Felisita. Miaka yote. Leo nilimngoja ayapeleke.”

Hasira zikaniisha. Nikakaa chini.

“Basi nitume mimi.”

Kengele ya shule ikalia. Hakuinuka.

“Mwambie namtaka mwanangu.”

Nikachukua baiskeli, nikashika njia ya Kasoli.