Kalavati la Mzee Ojok

"Mama Mubaraka, umeshaiona nyumba yako kule kwa Ojok?" jirani yake Namono aliuliza, mikono imo ndani ya beseni la nguo. "Ameifinyanga kwa udongo, na mlango wako wa buluu ameutia. Kila asubuhi anaimwagia maji. Mtu akikumwagia maji ukiwa mzima, anakuosha maiti."

Namwase alicheka, lakini kicheko kiliishia mdomoni. Mubaraka, mwanawe wa miezi saba, alikuwa anakohoa tangu Jumatatu. Akamkaza mgongoni, akapanda kwa mzee.

Mtaa mzima wa Namatala ulimwita Ojok afande, ingawa hakushika bunduki hata siku moja. Ni kile Kiswahili chake tu, lugha ya askari kwa watu wa huku, na ukimya wake. Alikuwa mtu wa gangi la reli, tangu Jinja hadi Mbale, akilaza mataruma na kushindilia kokoto, mpaka treni zikakoma na goti lake likakataa kukunjika.

Mlango ulikuwa wazi. Juu ya mbao za kitanda kulikuwa na nchi nzima: mlima Wanale wa magazeti na uji wa muhogo, mto, tuta la udongo, na juu ya tuta reli za njiti za mwavuli zilizolala kwenye vijiti vya kiberiti. Chini ya tuta, nyumba ya Namwase. Ilikuwa mbichi.

"Afande, nyumba yangu imekukosea nini?"

"Haijakosa. Keti."

"Nitasimama."

Mzee alinyoosha kidole kwenye tuta. "Reli huanzi na chuma. Unaanza na ardhi, unaiuliza maji yake yanataka kupita wapi. Hapo unaacha kalavati, tundu la maji, chini ya tuta. Hili nilikuwa nalizibua mwenyewe kila mwezi wa tatu. Sasa nani analizibua?"

Namwase alilijua. Upande wa mto lilikuwa limejaa mifuko ya kavera na maganda ya mahindi. Upande wa pili, yale mawe ya mdomo wake ndiyo yaliyokuwa ukuta wa nyuma wa chumba chake. Siku walipojenga, mumewe aliyapigapiga kwa kiganja akisema, "Mama, huu tumepewa bure." Mtoto hulala ameyaegemea.

Ojok akaziba kitundu cha tuta kwa kitambaa, akainamisha birika juu ya Wanale. Maji yakashuka, yakasimama nyuma ya tuta, yakatulia. Namwase akashusha pumzi. Kisha udongo ukawa mweusi kwa maji, tuta likapasuka mahali pamoja, na mlango wa buluu ukaenda nao.

"Siku tisa nimejaribu," mzee alisema. "Nimeinua tuta, nimepanua mto. Nyumba haijabaki hata mara moja."

Afadhali angekuwa mchawi. Mchawi huombwa msamaha.

Nje jua liliwaka Namatala yote, vumbi tupu. Lakini kule Wanale kwenyewe kulikuwa kweusi tangu asubuhi, na mto huu hauhitaji mvua ya hapa ili uje. Namwase akageuka mlangoni, akiwazia nguo za mtoto na sufuria.

"Usirudi ndani ya nyumba ile," Ojok alisema. "Hapa ni juu, hapafikiwi. Nakuomba, mama Mubaraka, nifungulie huyo mtoto unipe, uende ukawatoe wenzako wote wa mstari ule wa nyumba. Mimi goti halinifikishi. Na wakiniona mimi, watajifungia."